Tundu la Sinki

Walipokata nafasi ya sinki kwenye kaunta mpya ya mkwe wangu
kipande cha katikati kilibaki sakafuni,
kipana kama sinia la watu wanne.
Shafiqul, fundi wa majiko, alikuwa keshakisukuma kwa mguu mpaka mlangoni.
Nikamwambia kwa Kiarabu cha mabaki, changu na chake:
hiki usitupe.

Si jiwe hiki. Ukikigonga hakilii kijiwe.
Si plastiki, ukiuliza bei.
Kiwandani wamesaga sijui nini, wakakanda na sijui nini,
wakakitia vidoa ili kifanane na mlima.
Milima yenyewe iko pale nyuma ya Mabela.
Haikuulizwa.

Gereji yangu haina gari tangu nistaafu.
Ina kerezo nililolinunua Wadi Kabir kwa Mfilipino aliyekuwa anarudi kwao,
riyali sitini na tano, na patasi nne juu yake.
Agosti, ukichelewa baada ya alfajiri,
chuma kinakushika kabla hujakishika.
Basi nasali, navaa barakoa, nawasha feni,
na Salha dirishani:
"Umeme haukukuua miaka thelathini,
sasa unataka vumbi likumalize?"

Babu yangu alikereza miguu ya vitanda Vikokotoni
kwa upinde na kamba, patasi kaibana kwa vidole vya mguu.
Mvule, alisema, hukuonya kabla hujakosea.
Hiki hakionyi.
Hakina mshipa wa kuufuata, hakina fundo la kuliogopa.

Nilikata miraba, nikaibandika tabaka juu ya tabaka:
nyeupe ya mkwe,
kijivu kilichosalia kwenye kaunta ya benki,
na kijani ambacho Shafiqul aliniokotea saluni, Ghubra.
Gundi. Jiliwa. Usiku mmoja.

Usiku mmoja haukutosha.
Asubuhi bonge lile lilizunguka kidogo tu,
likakumbuka kwamba lilikuwa vitu vitatu.
Pande moja liligonga ukuta, jingine taa.
La kijani tulilikuta Ijumaa, ndani ya kiatu.

Nikaanza upya. Nikangoja siku tatu. Nikanoa.
Na safari hii patasi ilipata pembe yake,
maranda yakatoka marefu, meupe, bila kukatika,
yakanijaa mikononi na ndevuni
kama nazi inayokunwa na mtu mwenye haraka ya futari.
Lakini harufu ni ya daktari wa meno!
Nilicheka peke yangu ndani ya barakoa.

Msasa wa mia mbili. Wa mia nne. Wa elfu, na maji.
Ikang'aa kama jicho la samaki wa leo.

Muhannad ana miaka saba.
Kiswahili chake ni cha mezani:
nataka, sitaki, mandazi, pia.
"Hii nini, babu?"
"Pia."
Akasubiri.
"Pia na nini?"
"Pia tu."
Akanitazama kwa huruma, kisha kwa Kiarabu, taratibu,
kama mwalimu anayemwonea haya mwanafunzi mzee:
neno hilo, babu, haliji peke yake.

Jibu nilikuwa nalo. Lilinikaa kooni.
Nikamshika mkono tukaenda jikoni kwa mama yake.

Niliizungushia uzi, nikaivuta juu ya kaunta.
Ikasimama.
Nyeupe, kijivu na kijani zikawa rangi moja nisiyoijua jina,
na sauti yake ndogo, ya nyuki aliye mbali.
Halafu ikaanza kutembea,
ikalipita birika, ikaipita sahani ya tende,
ikasita ukingoni
na kutumbukia kwenye sinki.

Ibtihal alipiga ukelele: vikombe vyangu!
Mtoto alikuwa keshapanda kiti,
mkono ndani ya povu mpaka kwapani,
anapapasa, anaita:
"Pia wapi? Babu, pia wapi?"