Mia na Ishirini kwa Themanini

Nimetumwa Kariobangi kupima ubora,
na ubora, niliambiwa, umo ndani ya kompyuta:
wagonjwa elfu nne mia tatu na sita,
Januari hadi Juni, kila mmoja na namba yake.
Sikuhitaji kumwamsha mtu, wala kuvua koti.
Julai hii baridi imeingia hata kwenye kipanya.

Presha imepimwa: asilimia tisini na tisa.
Safu nzima kijani, kama sukumawiki baada ya mvua.
Nikaanza kuandika neno "hongera".

Kisha jicho likakwama.
Mzee Ndirangu, miaka themanini na mbili:
mia na ishirini kwa themanini.
Fundi wa kuchomelea, katokwa na damu puani:
mia na ishirini kwa themanini.
Mjamzito, miguu imevimba, kichwa kinagonga:
hiyo hiyo.
Tangu tarehe tisa Machi, Kariobangi nzima
ina moyo mmoja,
nao haujawahi kupanda ngazi.

Nikamuuliza Odera wa rekodi.
Hakuinua macho. "Mashine ilikufa Machi.
Tumeandika barua tatu.
Na kisanduku hicho, mkubwa, usipokijaza
ukurasa haufunguki, dawa haitoki.
Ungefanyaje wewe, foleni imefika getini?"

Sikumjibu. Nilishuka chini kabisa ya ukurasa,
penye kisanduku cha "Maelezo mengine"
ambacho ripoti yangu haikisomi,
ambacho mimi mwenyewe, mwaka jana,
nilipendekeza kiondolewe.

Saa tisa na dakika kumi usiku. Muuguzi: Syombua.
"Namba hapo juu si kweli. Mashine mbovu.
Bi. Kerubo anaona vimulimuli, uso umevimba.
Nimeshika mshipa kwa vidole. Sipendi anavyoonekana.
Nimeita teksi impeleke hospitali kuu. Nimelipa mimi."

Kidole kimoja hakivunji chawa;
viwili, usiku ule, viliuona moyo
ambao mfumo mzima haukuuona.

Alifika? Na mtoto je?
Faili inaishia hapo. Kule wana mfumo wao,
na mifumo hii miwili haisalimiani.

Nikafuta "hongera".
Sijui niandike nini mahali pake.
Syombua yuko zamu leo; namsikia
ng'ambo ya ukuta huu wa mbao
akimwambia mtu nisiyemwona,
"Lete mkono, mama. Huo mwingine pia."