Nina Sita

Ruwi, saa tano kasorobo asubuhi.
Ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani,
kiyoyozi cha Bwana Ghasib kinachuruzika
katika ndoo iliyokuwa ya rangi.
Tone. Tone. Nikawaza: hata ofisi hii
kuna mtu anailipia maji asiyoyajua.

Nimekuja na mfuko wa duka la viatu.
Ndani, kitabu cha kwanza, kizima, kurasa mia mbili na tisa,
na karatasi tano, kila moja kitabu ambacho hakijazaliwa,
nimeshavipa majina
kama msichana anayewataja wanawe kabla ya posa.

Garini nilijizoeza, kutoka Mabela mpaka hapa,
kwa sauti, hata dereva wa lori la maji akanikodolea:

*Zayana msoma mita, mlango akaubisha,*
*kaona maji yapita, na hakuna wa kuosha,*
*nyumba tupu inamwita, kwa jina lenye kutisha,*
*nina sita, sikusita, kimoja hakitatosha.*

Mbele yake likanikauka kooni.
Nikasema tu, "Kuna mwanamke anasoma mita za maji."
"Halafu?"
"Anaingia nyumba za watu."
"Halafu?"
"Mita haisemi uongo. Watu ndio."

Akala tende. Kokwa ya nne akaipanga
ukingoni mwa kisahani, sambamba na wenzake.
Alikuwa akisema Kiarabu; sasa akatoa Kiswahili,
kama nguo ya sandukuni, bado ina mistari ya mkunjo:
"Nani atasoma, Moza? Wazee wamezikwa.
Vijana wanaitwa kwa Kiswahili, wanaitika kwa Kiarabu.
Nipe kimoja, tukifasiri. Muuaji ashikwe
ukurasa wa mwisho, tufunge duka."

Hapo ndipo nilipopata ulimi.
"Miaka kumi na minne nimekaa dirisha la malipo ya maji.
Nawaona wakifungua bili.
Yule kijana wa benki, kanzu imenyooka kama karatasi,
yule binti wa chuo anayejidai hasikii bibi yake akisema:
wakiona jumla, wanatukana kwa Kiswahili, Bwana Ghasib.
Lugha unayotukania hujaisahau."

Akacheka kwa pua, kahawa ikamwagikia kidoleni.
"Na kwa nini sita?"
"Kwa sababu bomba la nyumba ya kwanza
linaingia ukutani mwa ya pili.
Ukiziba huku, kunavuja kule."

"Waache hao," akasema, akiugusa mfuko
kama unaouma. "Tuonane baada ya Idi."

Hakusema Idi gani.
Kwetu huo ni mlango unaofungwa kwa adabu,
taratibu, usikubane vidole.

Nje usukani ulikuwa jiko. Nikaushika kwa ncha ya shela,
nikaendesha hivyo hivyo, ninajisema, ninajijibu,
hata karibu na Al Ghubra simu ikalia. Nikaegesha.
Hakuna salamu.
"Ukurasa wa kumi na saba. 'Damu imevia.'
Umekusudia imevia, au imevuja?"
"Imevia."
Kimya. Nikaisikia ndoo yake. Tone.
"Nilianguka ngazini, mtoto," akasema,
"mama akanishika goti, akalitazama, akasema neno hilo.
Sijalisikia tena tangu tumzike.
Usilibadilishe."
Akakata.

Hakusema ndiyo.
Ila Idi nayo hakuitaja.
Nikatafuta kalamu chini ya kiti, katikati ya maganda ya karanga,
na nyuma ya risiti ya petroli nikaandika:
*Kitabu cha saba. Mchapishaji. Ndoo.*
*Zayana anapanda ghorofa ya tatu*
*kuja kusoma mita.*