Mkate wa Kwanza

Gyumri, Januari. Theluji imefika kizingitini
na mavyaa wangu Varsenik amepiga magoti
kando ya tanuri lililochimbwa sakafuni.
Hasali. Anapuliza moto.
Sala ilishatangulia, fupi kama njiti ya kiberiti:
"Wewe kwanza. Mengine yatajipanga."
Kisha anapiga chafya, anadai chumvi.

Mimi ndiye mtunza daftari.
Unga magunia tisa, kuni za mkopo,
simu ya benki kila Jumatatu.
Mume wangu Garnik yuko Urusi, anamwaga zege,
na pesa zake huja zikichechemea.
Kwa hiyo kila alfajiri niliutazama ule mkate wa kwanza,
mwembamba, mpana kama shuka la mtoto,
mgongo umetiwa madoa na moto,
ukikunjwa mara nne, ukifungwa kitambaa safi,
ukivuka uchochoro
kwa mzee Sahak, asiyesema asante,
asiyekanyaga kanisani tangu tetemeko
lilipomeza nyumba na waliokuwamo.

Mkate mmoja. Niliuzidisha kwa siku za mwaka,
nikamwonyesha jumla.
Aliitazama kama mtu anayesomewa
hali ya hewa ya nchi nyingine.

Ikaja wiki ya kuungua.
Mkono wake uligusa ukuta wa tanuri
na ngozi ikabaki huko.
Nikashika mto, nikabandika, nikabandua,
nyusi zikanuka moshi.
Mlangoni dereva wa teksi anahema, sarafu mkononi,
ana haraka, ana mke hospitalini, sijui ana nini.
Wa kwanza ndio uliokuwa tayari.
Nikamuuzia.

Halafu nikangoja.
Nilingoja mikate idondoke makaani,
nilingoja Garnik apige simu na sauti mbovu,
nilingoja dari.
Hapakuwa na kitu.
Mikate ilitoka mizuri, mizuri mno,
na kabla ya saa nne kapu lilikuwa tupu.

Jioni nikamwambia, nikiwa na ushindi kidogo mdomoni:
"Umeona? Hakuna kilichotokea."
Alikuwa anapaka asali juu ya lengelenge.
"Kwani ulidhani namlipa kodi?
Mungu hali mkate wangu, binti.
Ni mimi huyu, nina usahaulifu.
Nikiuza wa kwanza, na wa pili nitauuza,
na nikifika wa kumi nitaapa kwamba unga ni wangu,
moto ni wangu,
na mkono huu niliufinyanga mwenyewe."

Akalamba asali iliyobaki kidoleni.
"Na Sahak alikula nini?"

Hiyo sikuwa nimeizidisha.

Kesho yake nilivuka uchochoro mimi,
kitambaa kikinichoma kwapani,
theluji ikinifika magotini.
Alifungua kabla sijagonga.
"Jana?" aliuliza. Neno lake la kwanza kwangu
tangu niolewe mtaa huu.
Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, wa mkono na mganga.
"Niliuuza," nikasema.
"Bei gani?"
Nikamtajia.
Akatikisa kichwa polepole,
kama fundi aliyeona kazi imeuzwa rahisi,
akachukua mkate, akafunga mlango.

Deni bado lipo. Benki bado inapiga.
Zipo asubuhi ninazosema "Wewe kwanza"
na akili imeshafika Jumatatu kabla ulimi haujatua.
Basi naurudia. Mara nyingine mara tatu,
mavyaa akinitazama pembeni, hasemi,
anakwaruza msalaba kwenye donge kwa ukucha.

Katika daftari, juu kabisa,
juu ya unga, juu ya kuni, juu ya jina la benki,
naacha mstari mmoja mtupu.
Garnik alipokuja Pasaka akauwekea kidole:
"Hapa umesahau kuandika."
Nikamwambia alete chumvi.