Namba za Simu

Mwezi wa saba Chake Chake, na simu yangu
bado inawajua watu kwa kazi zao:
Fundi Bomba. Mama Maziwa. Uhasibu.

Utotoni ulisema tu, "Tucheze?"
ukawa na shoga kabla ya adhuhuri.
Kwa miaka arubaini na sita uanzie wapi?
Hodi, natafuta mtu wa kucheka naye?

Dukani kwa Faki, chini ya bei ya sukari,
karatasi: mazoezi ya wanawake, Gombani, baada ya alfajiri.
Nikenda na raba alizoziacha mwanangu.

Mzunguko wa kwanza nilikimbia.
Wa pili nilijikokota.
Wa tatu soli ya kushoto ikaachama
kama chewa aliyetolewa majini,
na Mize, buibui kalikunja kiunoni,
akaketi papo hapo kwenye umande, akacheka
mpaka akashika mbavu.
Kisha akatoa ukili mkobani
akaifunga raba yangu mafundo mawili.
Jina hakuniuliza.

Jumaatano nikalala. Mvua, na uvivu.
Saa moja mlango unagongwa:
yeye na Bikombo, wamerowa chapachapa.
"Unaumwa, au umetukimbia?"
Nikateleka chai. Tukala muhogo wa jana.

Leo simu yake imepotea nyasini.
Nikampigia tuitafute. Ikalia karibu na goli;
niliiokota mimi, kiooni pameandikwa:
Raba Mdomo Wazi.

Nikamrejeshea, sikusema kitu.
Njiani nikafungua yangu, penye Mize Mazoezi,
nikafuta neno la pili.