Huwaka kwa Kubanwa

Jumatatu, Peterborough, manyunyu tangu alfajiri.
Ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia,
nafungua bahasha za wasomaji wa jarida letu.
Toleo lililopita tuliwauliza swali moja:
Dizeli ina kesho?
Tukachora visanduku viwili, Ndiyo na Hapana,
tukidhani watu wataenea humo.

Hawakuenea.

Desmond Thackray wa Otley kaandika kurasa tisa,
wino wa buluu, mbele na nyuma, hadi pambizoni.
Gari lake limekwenda maili laki nne na kumi na moja
(hiyo kumi na moja kaipigia mstari)
na nozeli ni zilezile za kiwandani.
"Waliniambia ninunue hili, ndilo jema,
wakanipunguzia na kodi.
Leo wananitoza kuingia mjini kumwona daktari wa meno.
Gari halijabadilika. Wamegeuka wao."
Visanduku hakuvigusa.

Harjit Bains, dereva wa lori, Wolverhampton, kadi ya posta:
Nipeni betri ya kunifikisha Aberdeen
na tani ishirini na sita mgongoni,
nami nitawapikia chai nyote hapo ofisini.
Katia Ndiyo, kafuta. Katia Hapana, kafuta.
Karatasi imetoboka.

Eirwen Pugh, mjane, milimani huko Wales,
kila Jumapili akitoka kanisani
huiwasha pikapu ya marehemu.
Haendi popote, kuendesha hajui.
Huiacha ingurume dakika kumi
mpaka vikombe vitetemeke kabatini.
Anauliza, kwa adabu sana:
hilo la umeme likishawashwa,
mtu aliye jikoni atajuaje?

Kisha bahasha isiyo na jina.
Ndani yake kitambaa cha mkono, na kikaratasi:
*Kilikuwa cheupe. Nilikitundika barazani siku kumi na nne,
ng'ambo ya kituo cha mabasi.
Mwanangu ana miaka sita,
jina la dawa yake ya pumzi lina silabi nyingi
na hakosei hata moja.*

Barnaby Stokoe, mhariri, kakishika kwa ncha za vidole.
"Hiki ni kitambaa," kasema, "si maoni."
Akataka asilimia ifikapo saa kumi na moja.
Nikakitia kwenye droo yangu, chini ya stempu.

Mimi hakuna aliyeniuliza.
Dizeli niliijua Muheza, kwenye mashine ya shangazi ya kusaga,
puku, puku, puku, foleni ya ndoo hadi barabarani.
Yeye ndiye aliyenifunza: hii haina cheche, mwanangu.
Hewa hubanwa, ikabanwa tena,
ikikosa pa kukimbilia ndipo huwaka.
Nilidhani anasema juu ya injini.
Jioni alipenga kamasi nyeusi kwenye upindo wa kanga,
akakohoa, akacheka, akahesabu sarafu.
Tulisema ni vumbi la unga.
Unga wenyewe ulikuwa mweupe.

Ndiyo, mia mbili na sita.
Hapana, tisini na moja.
Rundo la tatu, la waliokataa visanduku,
limepita kikombe changu kwa urefu.
Barnaby kasema hilo tusilitaje, litawachanganya watu.

Saa kumi na mbili kituoni, giza, mvua ileile.
Basi jipya lilifika bila kusema lolote.
Mzee mmoja na mbwa wake nusura walikanyagie njia,
dereva akainua mkono kuomba radhi.
Nikapanda, nikakaa juu ya gurudumu la nyuma,
mahali pangu pa miaka yote.
Nilisikia viatu vilivyolowa, mtu akitafuna bisi,
msichana akimwambia mtu kwenye simu, "basi, sawa, basi."
Nami kwa nyayo nikawa nautafuta ule mtetemo
kama ulimi unavyolirudia
pengo la jino lililong'olewa jana,
jino bovu, lililoniuma,
lililokuwa langu.