Toleo la Nne

Saa nane za usiku Tukuyu, na mvua haina haraka;
iko juu ya bati tangu Jumatano.
Nimejifunika blanketi la mama mkwe hadi masikioni,
vidole tu ndivyo viko nje, kazini,
na majaribio elfu moja mia tatu na kumi na matatu
yanapita moja moja,
kila moja na alama yake ya kijani,
kijani hiki hiki cha chai kinachojaa dirishani mchana.

Mzuzu. Jina alilitoa Lugano
jioni tuliyogawana ndizi tatu watu wawili.
"Lugha ya kompyuta," alisema, "isiyoona aibu kuitwa chakula."
Tukamwandika mkalimani wake kwa miezi tisa,
tukauacha msimbo mlango wazi:
anayetaka aingie, achukue, arekebishe,
asiyetaka apite salama.
Waliingia. Kijana wa Makambako alileta tarehe na saa.
Mtu nisiyemjua hata sauti,
anayeandika kutoka nchi ya theluji,
alituondolea hitilafu kumi na nne
na hakungoja asante.

Sasa ni toleo la nne. Nimefagia.
Amri zilizochakaa nimezitoa nje kama magodoro yenye kunguni.
Kazi ya dakika nzima inakwisha kabla hujakohoa.
Na katikati ya kufagia nilikuta mstari mmoja,
wa Lugano, wa mwaka wa kwanza:
subiri sekunde tatu, ndipo uandike.
Juu yake, maneno ambayo mashine huyaruka:
*Usinifute kabla hujaniuliza.*

Nimuulize wapi?
Lugano yuko Masoko, kando ya migomba ya baba yake,
mwaka wa pili huu.
Sekunde tatu! Nani siku hizi anazo sekunde tatu?
Nikaufuta.
Majaribio yote yakabaki kijani,
nikajiona bingwa, nikalala.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo mchana Bupe kapiga simu,
karani wa mzani wa chai kule Kiwira,
niliyempa toleo jipya alionje kabla ya wengine.
Hakuniamkia.
"Kilo za juzi ziko wapi?"
Kilo zipi?
"Za mama Tusekile, themanini na mbili. Za Ambakisye.
Za watu arobaini.
Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, kawaida yetu,
na kompyuta imeamka haimjui mtu."

Umeme wa Kiwira hukatika mara mbili;
mara ya kwanza hutania.
Lugano alikulia pale, mtoto wa mchumaji,
alizijua sekunde tatu zile
kama unavyoijua ngazi iliyooza nyumbani kwenu,
mguu unairuka wenyewe, hata gizani.
Majaribio yangu yote, na kijani chake chote,
hakuna hata moja lililowahi kukaa gizani.

Mstari nimeurudisha.
Jaribio la mwisho kwenye orodha ni la leo:
kata umeme, rudisha, kata tena.
Nimelipa jina la Bupe.
Na chini ya maneno ya Lugano nimeongeza yangu:
*Niliufuta bila kuuliza.
Kilo za Tusekile nimezilipa mfukoni.*

Kipya kinyemi, tulifundishwa, kingawa kidonda.
Nusu ya kwanza niliishika upesi.

Kijani. Kijani. Kijani. La Bupe linachelewa,
sekunde moja, mbili,
tatu.
Kijani.

Napandisha toleo: asilimia kumi, thelathini,
sitini na moja,
bando limekata.
Duka la Anyelwisye hufunguliwa saa kumi na mbili.
Natafuta viatu vya mvua.
Kimoja kiko mlangoni; kingine sijui.