Ukoko

Maji ya moto hayachomi nyumba, tunasema,
na tunalala.
Pikihuia hakuwahi kuusikia msemo huo.
Kwake ni kusini kabisa, Nyuzilandi,
mtaa ambao mvuke hutoka kwenye nyufa za barabara
na watoto wakienda shule huuruka kama dimbwi.
Nyuma ya jiko ana sanduku la mbao juu ya tundu la ardhi:
humo viazi huiva bila kuni,
humo nyama ya Jumapili, humo mahindi.
Bili ya gesi haijui.

Usiku mmoja wa Juni, na Juni huko ni baridi,
ardhi ilikohoa.
Si volkano. Hakuna moto, hakuna uji mwekundu wa mawe.
Maji tu,
maji yaliyolaliwa na mwamba miaka na miaka,
yenye moto uliokwisha kupita kuchemka
ila hayajachemka, kwa kuwa yamekabwa.
Ziwa lilikuwa limepungua tangu kiangazi,
shibiri mbili, tatu,
na mkono ukalegea kooni.

Kishindo kimoja. Kisha mvua ya kokoto juu ya bati.
Kisha kimya cha matope.

Asubuhi banda la kuku halipo.
Halikuvunjika. Halipo.
Mahali pake shimo la kijivu linatokota,
tok, tok, kama maharage yaliyosahauliwa jikoni.
Shuka kambani zimevaa udongo.
Juu ya paa la jirani, kuku mmoja,
mkia nusu, hasira kamili.

Akaja Anaru wa idara ya miamba, kijana, na nyundo yake.
Akaokota jiwe lililotemwa kutoka chini kabisa,
akalipasua.
Ndani tabaka jeupe, tabaka la kijivu,
kalisaiti bapa bapa kama kurasa za daftari lililolowa,
na mstari mweusi, mwembamba kuliko wanja.
“Hapa pana dhahabu.”

Akaeleza, akichora hewani kwa kidole:
dhahabu majini haisafiri peke yake,
hushikana mkono na salfa.
Maji yakichemka ghafla salfa hupanda na mvuke,
na dhahabu, isiye na wa kumbeba,
huketi pale pale ilipoachwa.

Pikihuia akatazama dirisha la jiko.
Pale pana kipande cha bomba, kama bangili nene,
alicholeta Tamahou kutoka mitambo ya umeme.
Miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kukwangua:
silika huganda ndani ya mabomba, ukoko juu ya ukoko,
bomba la kupita mtu likabaki la kupita paka.
Alirudi na weupe kwenye kope.
Mtu wa maneno machache,
na hayo machache yalihusu mabomba.

“Na hiyo salfa,” akauliza, “huenda wapi?”
“Hewani, mama. Si ndiyo harufu hii?”
Akavuta pumzi.
Mayai viza. Mji mzima, mayai viza,
na yeye hajaisikia harufu hiyo tangu utoto.
Akavuta tena.
Anaru akajifanya anaandika.

“Dhahabu kiasi gani?”
“Jiwe zima halinunui yai.
Na kisheria, dhahabu ya ardhini ni mali ya Taji.”
“Basi Taji lije libebe na tope.”

Nusu ya jiwe alikwenda nayo Anaru, katika mfuko wenye namba.
Nusu Pikihuia ameiweka juu ya kifuniko cha sanduku,
mvuke usikisukume.
Wiki ya tatu akaigeuza:
upande wa chini umeota utando mpya, mweupe,
kama wa maziwa yaliyopoa.
Akaukwaruza kwa ukucha. Haukutoka.

Kuku bado yuko juu ya paa.
Wanamtupia mahindi, anakula huko huko.
Hashuki.